Chevrolet Ambayo Gia Yake ya Kwanza Ilikuwa Juu

Vijana wa garaji mliniomba, siku ile mliponikalisha kwenye kiti cha plastiki na kunipa fanta kama bibi harusi, niwaandikie mambo ya kazi. Nimekubali kwa sharti moja: msiniulize nilipanda cheo lini wala nililipwa ngapi. Cheo changu kilikuwa kulala chini ya magari, na nimekishika tangu nilipokuwa na nywele hadi mwezi uliopita. Nitaandika magari. Macho yangu sasa hayaoni vizuri vitu vidogo, kwa hiyo muda ninao.

Mnajua napenda magari ya zamani. Ninyi mnasema ni uzee. Si uzee, nilianza kuyapenda nikiwa na umri wenu, na yenyewe tayari yalikuwa wazee. Gari la zamani likiugua linakuambia linaumwa wapi: linakohoa, linavuja, linanuka. Haya ya sasa yanawasha taa ndogo ya njano na kunyamaza, kama mtoto aliyevunja sahani, na wewe unaanza kumtafuta mtu mwenye kompyuta aje kulihoji. Siwalaumu. Kila zama na mafundi wake.

Garaji ya Chef Lukambo ilikuwa Mulongwe, hapa Uvira, karibu na mto, karibu mno, maana mto umeshachukua kuta zake za bati zaidi ya mara moja. Chef Lukambo, mkubwa wangu wa kazi, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mfupi, mtoto wa wavuvi, na alisema alikimbilia magari kwa sababu aliogopa maji. Siku yangu ya kwanza nilifika na shati jeupe lililopigwa pasi, mkononi nina cheti cha shule ya ufundi. Nilimpa kwa mikono miwili. Alikisoma chote, mpaka muhuri. Kisha akakipapasa kwa vidole.

“Karatasi ya nguvu hii,” akasema.

Akachukua mkasi, akakata ukanda mwembamba pembeni, akainama kwenye moteri ya lori lililokuwa mbele yake, akautumia kupimia mwanya wa platini, yaani vile vidude viwili vinavyokutana na kuachana ili cheche ipatikane. Lori likawaka. Akanirudishia cheti kikiwa hakina pembe.

“Umeona? Kimesaidia,” akasema. “Vua shati.”

Cheti hicho ninacho bado. Nilikasirika wiki nzima, lakini tangu hapo sijawahi kusahau unene wa mwanya wa platini.

Kwake nilijifunza vifaa ambavyo havikuwa shuleni. Kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni na nyingine kwenye moteri, ili usikie ni pistoni gani inayolalamika. Patasi iliyofuliwa kutoka kwenye lame ya lori, kile chuma bapa kinachobeba mzigo juu ya magurudumu. Joint ya karabureta, ile gasketi ya kuzuia kuvuja, iliyokatwa kwenye katoni ya sabuni na kulowekwa katika mafuta. Najua siku hizi mnanunua joint ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ya katoni ilidumu zaidi, na sitabishana na mtu.

Magari yenyewe yalikuwa kama familia kubwa. Kulikuwa na Land Rover ya parokia ambayo milango yake ilifungwa kwa kamba za mpira, na padri alikuwa akiingilia dirishani bila kupoteza heshima. Kulikuwa na Coccinelle, ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, ya mwalimu mmoja, sakafu yake yote ya mbao, imepigwa vanishi kuliko meza yake ya chakula. Kulikuwa na malori yaliyopanda na kushuka kwenye ule uwanda wa Ruzizi, yameongezwa lame mpaka yakawa na kimo cha twiga, ubavuni yameandikwa maneno ya kuwakasirisha majirani. Hakuna lililofanana na jingine, na kila moja lilikuwa na historia iliyopigiliwa misumari.

Sisi wapenzi wa magari tuko wa aina mbili. Kuna wanaopenda gari likae kama lilivyotoka kiwandani, na kuna wanaopenda lile lililobadilishwa na mwenyewe mpaka mama yake hawezi kulitambua. Ujanani nilikuwa wa aina ya kwanza, tena mwenye imani kali. Sababu yake ilikuwa kitabu. Mzungu mmoja alipohama aliacha pale garaji kitabu kinene cha Kifaransa chenye michoro ya pikapu za Chevrolet, kila skrubu na namba yake. Nilikisoma kuliko Biblia, na Bwana anisamehe, nilikiamini vilevile.

Basi nisikilizeni habari ya Mama Faida, maana ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mama Faida alikuwa mjane. Mumewe alimwachia Chevrolet ya kijani, pikapu ya zamani sana, yenye gia tatu na levye, yaani kile kijiti cha kubadilishia gia, ikiwa kwenye usukani, si sakafuni. Mumewe ndiye aliyemfundisha kuiendesha. Baada ya mazishi ndugu walitarajia aiuze. Yeye akafunga kitenge, akakaa kwenye usukani, akaanza kupeleka ndagala, dagaa wa ziwa letu, Sange na kurudi na mchele na mihogo. Wakati huo kumwona mwanamke anaendesha pikapu hapa Uvira, watu walisimama. Gari lile lilikuwa shamba lake, na watoto wake wanne walikula kutoka humo.

Alituletea ili tumtengenezee freni, yaani breki, akavuka mpaka kwenda Bujumbura kumuuguza dada yake. Chef naye alikuwa anasafiri kwenda Bukavu kutafuta piesi za magari. Kabla ya kuondoka aliniita.

“Ya Mama Faida, freni tu,” akasema. “Weye ninakujua. Mikono yako inawashaka. Freni, njo mwisho.”

“Ndiyo, Chef.”

Freni zilinichukua siku mbili. Dada wa Bujumbura alichelewa kupona, Chef alichelewa kurudi, na Chevrolet ilikuwa palepale, ileile ya kwenye kitabu. Nikaanza na kidogo. Nikanyoosha taa iliyokuwa inaangalia kanisani. Nikatoa waya uliofungia boneti, nikaweka kifungio. Halafu nikalala chini yake na kitabu kifuani, na hapo nikaona jambo lililonichekesha peke yangu.

Mtanisamehe nieleze polepole. Katika Chevrolet ile, kwa mujibu wa kitabu, ukivuta levye kwako na kuishusha chini, hiyo ni gia ya kwanza, gari linakwenda mbele. Ukiivuta kwako na kuipandisha juu, linarudi nyuma. Kule chini, ubavuni mwa sanduku la gia, kuna kipande cha chuma kirefu kama kidole, tunakiita bieleti, ambacho kinapokea mwendo wa levye. Kinatakiwa kuangalia chini. Cha Mama Faida kilikuwa kimefuliwa na mhunzi, kizito, kibaya cha sura, na kilikuwa kinaangalia juu. Maana yake kila kitu kilikuwa kinyume: kwake mbele ilikuwa juu, na nyuma ilikuwa chini.

Nikasema, ni mpumbavu gani aliyefanya kazi hii? Nikatengeneza bieleti mpya kufuata mchoro, nikainyoosha fimbo inayolishika, nikaliweka likiangalia chini. Lile la zamani nikalitupa nje kwenye lundo la vyuma. Nilijaribu gari uani, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Sijawahi kujipenda kama siku ile.

Mama Faida aliporudi nilimweleza yote. Sikumficha kitu.

“Mama, na vitesi nimerudisha sawa. Ya kwanza sasa iko chini, ya nyuma iko juu, vile kitabu inasema.”

Alifungua mlango, akaitazama levye.

“Nani alikutuma?”

“Hakuna, Mama. Ni zawadi.”

“Aya,” akasema. “Merci.”

Akaondoka polepole, anautazama mkono wake kama mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Siku mbili aliendesha bila tatizo. Nilimwona akipita barabarani nikampungia.

Siku ya tatu asubuhi alikwenda ufukoni kupakia. Mnajua wanavyofanya pale: gari linarudishwa kinyumenyume mpaka magurudumu ya nyuma yanakaribia maji, ili mabeseni yatoke mtumbwini na kuingia moja kwa moja kwenye pikapu. Mzigo ukajaa. Pembeni yake lori jingine likaanza kupiga honi, shofa anatukana, anataka nafasi. Mama Faida akakaa, akawasha, na kwa haraka ile mkono wake haukukumbuka kitabu changu. Ulimkumbuka mumewe. Ukavuta levye, ukaipandisha juu, mguu ukakanyaga mafuta.

Chevrolet ikaingia ziwani kinyumenyume na mwenyewe ndani. Mbebaji aliyekuwa juu ya mabeseni aliruka akaangukia majini pembeni. Freni zilikuwa nzuri sana, nilizitengeneza mimi, lakini freni haishiki mchanga uliolowa, na pale ufuko unashuka haraka. Wavuvi wawili walimtoa kupitia dirishani maji yakiwa yamefika kidevuni. Ndagala walirudi ziwani, wamechelewa.

Niliambiwa, nikakimbia na mafuta mikononi. Nilimkuta ameketi mchangani, amefunikwa kitenge cha mtu mwingine. Paa la Chevrolet lilikuwa linaonekana kidogo tu. Nilipiga magoti, nikaanza kusema maneno mengi, kitabu, mchoro, bieleti. Aliniacha nikamaliza.

“Gari uliiuliza iko nataka nini,” akasema. “Minye haukuniuliza.”

Mpaka leo nikiandika maneno hayo, naona aibu kama ya siku ile.

Tuliivuta kwa kamba, watu na lori, mpaka mchana. Chef alirudi kesho yake, akasimama mbele ya ile maiti ya kijani iliyokuwa inatiririsha mchanga. Hakupaza sauti.

“Kuko muntu alikufa?”

“Hapana, Chef.”

“Basi kazi iko. Anza na bujii.”

Andikeni hili mahali: gari lililozama haliwashwi. Unatoa bujii zote kwanza, yaani plagi za cheche, halafu unazungusha moteri kwa manivela, ile hendeli ya mbele, kwa mkono, taratibu. Matundu yote sita yalitema maji ya ziwa na moja likatema ndagala mdogo, au ndivyo Chef alivyopenda kusimulia. Oili ya sanduku la gia ilikuwa kama chai ya maziwa. Dinamo niliianika juu ya bati siku nne, kila jioni naiingiza ndani kama mihogo. Freni nilizifungua upya, mchanga kila mahali. Ilinichukua wiki nyingi, na Chef hakunisaidia hata kunishikia taa.

Siku Chevrolet ilipounguruma tena, nilikwenda kumwita Mama Faida. Akaja, akaitazama akiwa amesimama mlangoni, akakataa kuikaribia. Nikamwambia nitarudisha gia kama zamani. Akasema haidhuru, atatafuta mtu wa kuinunua kama vyuma chakavu. Alikuwa anakwenda Sange kwa basi, na mabeseni mawili tu kwenye mapaja, na wateja wake kule walikuwa wameshaanza kuzoea muuzaji mwingine. Nilijua kwamba akiiuza, hakuna kitakachomrudisha kwenye usukani, na watoto wanne watakula kutoka kwenye mabeseni mawili. Na mimi ndiye nitakayekuwa nimefanya hivyo, kwa upendo.

Nililitafuta lile bieleti la mhunzi kwenye lundo, halikuwepo. Watu huokota. Ikabidi nilifue upya, na hapo nikagundua kwamba sikujua umbo lake. Nilikuwa nimelicheka bila kulitazama. Nikaenda nyumbani kwa Mama Faida, nikakaa kwenye kibao alichonionyesha, nikauliza swali ambalo lilitakiwa kuwa la kwanza.

“Mama, ile chuma, Papa Faida aliiwekaka ju ya nini?”

Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

“Tulikuwa tunatoka Sange, minye na mimba ya Faida,” akasema. “Uchungu ikanishika mu njia. Tukagonga jiwe, chuma ya vitesi ikavunjika, gari ikakataa kwenda mbele. Bwana yangu akakimbia kutafuta mufuzi. Mufuzi akaona ile fimbo imejikunja, haifike tena chini. Akaigeuza juu. Akasema, Papa, itaenda mbele lakini kwa njia ya nyuma. Bwana yangu akasema, iende tu. Tukafika ku hospitali, Faida akazaliwa mbele jua izame.”

“Na kisha hakuirudisha?”

“Watu walimwambia kila siku. Anajibu: ilitufikisha, niisumbue ya nini? Njo vile alinifundisha. Juu, mbele.”

Mpumbavu aliyefanya kazi ile alikuwa ameokoa watu wawili.

Nilifua bieleti kutoka kwenye lame ya lori, kama mhunzi yule. Nilimwomba Mama Faida aje aketi kwenye gari lililozimwa, aniambie mkono wake unataka nini. Alikubali kwa kuwa lilikuwa limezimwa. Nikawa chini, yeye juu.

“Hapana, iko nashuka sana.”

Natoa, napasha moto, nagonga, narudisha.

“Sasa iko ngumu. Yake ilikuwa laini.”

Siku mbili tulifanya hivyo, mwanafunzi wa ufundi mwenye cheti chini, mwalimu juu. Mwishowe nikasikia levye inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi.

“Toka,” akasema. “Simama nyuma.”

“Nyuma wapi, Mama?”

“Nyuma ya gari. Kama uko na hakika.”

Nyuma ya gari kulikuwa na ukuta wa matofali, na kati ya ukuta na gari palikuwa pamebaki nafasi yangu tu. Chef alikuwa mlangoni, akaacha kutafuna muwa. Nilikwenda nikasimama. Nitasema ukweli, niliogopa. Nilikuwa nimekagua bieleti lile mara kumi, na wakati ule nilitamani mara ya kumi na moja. Moteri ikawaka, moshi ukanijia usoni. Niliona kupitia kioo cha nyuma bega lake la kulia likipanda. Chevrolet ikatikisika, ikaniacha, ikatoka getini ikielekea barabarani, na haikusimama mpaka ilipofika nyumbani kwake. Nilikaa chini ya ule ukuta na kulia, na Chef akaniambia nikimaliza nifagie.

Aliiendesha miaka mingi baada ya hapo. Mimi kitabu changu kilichukuliwa na mto mwaka wa mafuriko, sikukifuata. Tangu siku ile gari lililobadilishwa likiingia garaji, nilikuwa namuuliza mwenyewe kabla ya kushika ufunguo: hii ilikujaje, na nani anaendesha? Ninyi mlikuwa mnaona nawapotezea muda kwa porojo. Wengine walinitania kwamba naandika tenzi za bolti.

Sasa nimalizie na kazi yangu ya mwisho, ambayo wengi wenu mliiona bila kujua mnaona nini.

Siku hizi Chevrolet ni gari la ndoa. Faida, ambaye ni mama mtu mzima sasa, aliipiga rangi upya, akaweka viti vya ngozi nyuma, na maharusi wa Uvira wanapigiwa picha juu yake. Mama Faida macho yamekwisha nguvu, haendeshi. Miezi michache iliyopita Faida alimpata shofa mzee, mtu anayezijua Chevrolet kwa kitabu. Mbele ya kanisa, bibi harusi ameshaketi, akaweka anachojua ni gia ya kwanza, gari likarudi nyuma kwenye fanfari, ile bendi ya tarumbeta. Mpiga ngoma aliokoa maisha, ngoma haikuokoka.

Faida akaja kwangu na mama yake ameshika mkono wake.

“Papa Kashindi,” akasema, “geuza vitesi. Nimechoka kukodi bashofa, nitajifunza minye mwenyewe, na nitajifunza vile gari ilizaliwa.”

“Mama yako hakukufundisha?”

“Ananikatazaka. Anasema nitaipeleka mu lac kama yeye.”

Nilimgeukia Mama Faida. Nilitamani akatae. Bieleti lile ndilo kitu bora nilichowahi kutengeneza, na halimo katika kitabu chochote.

“Mama, ninakuuliza,” nikasema. “Nigeuze?”

Alipapasa mlango wa gari mpaka akapata kishikio.

“Mukono iko ya Faida sasa,” akasema. “Geuza.”

Nikalala chini, nikaweka bieleti jingine linaloangalia chini. Ilichukua nusu saa, kazi ambayo ningeweza kuifanya kwa dakika kumi. Nilipotoka, bieleti nililomfulia Mama Faida nilimwekea mapajani, likiwa na moto wa mikono yangu, kwa sababu alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha abiria. Nikamwonyesha Faida: vuta kwako, chini, mbele. Akarudia kwa mdomo kama mtoto wa katekisimu.

Ninyi mlikuwa mnautazama usukani, mkimcheka Faida. Mimi nilikuwa namtazama mama yake. Faida alipokanyaga pedali ya ambreyaji na kuishusha levye chini, na gari likaanza kwenda mbele, mkono wa kulia wa Mama Faida, peke yake, pale juu ya paja, ulipanda juu.